Mwanamke wa Mlango wa Jikoni

Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Rajabu aliniambia uvimbe umepungua, lakini Rajabu ukimuuliza lolote atasema limepungua, kwa hiyo nijibu wewe mwenyewe. Na kibarazani pale, mvua bado inaingia? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechafuka. Barua hii nampa mtu anayerudi Tanga, maana kwenye simu ningepayuka, nawe ungeniambia, "Punguza sauti we mtoto, majirani wanasikia," tukaishia hapo. Kwenye karatasi nitapiga kelele mpaka nimalize.

Mjomba wa Moa anasema nimevuka bahari kuja kupaka rangi wanasesere. Mwambie ni visanamu, urefu wake kama kidole chako cha mwisho, vinawekwa ndani ya mifano ya nyumba na mitaa ambayo watu wenye nafasi zao huagiza wapambe sebule. Nilianza kwa kupiga deki kwenye karakana hii, hilo unalijua. Siku mpakaji mmoja alipougua nikapewa brashi, na mkono haukutetemeka. Utetemeke vipi, na ndio uliochora hina na piko kwenye miguu ya maharusi wa Nguvumali nzima, wewe ukinisimamia kichwani?

Lakini kazi yenyewe nilijifunza mwaka mzima. Kitu kidogo, mama, mwanga wa chumbani hukimeza, kikaonekana bapa. Kivuli na mwanga lazima ukipakie wewe. Kwanza unaamua jua limesimama wapi. Unapaka rangi ya msingi, kisha unateremsha rangi nyepesi kama maji, ijikusanye yenyewe kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kidevu. Halafu unapandisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, kila moja imeng'aa zaidi kidogo kuliko ya chini yake na imechukua nafasi ndogo zaidi, hadi mwisho inabaki nukta tu juu ya shavu. Ukiipatia nukta hiyo, kisanamu kinakutazama.

Basi ikaja kazi ya bibi mmoja wa hapa. Kazaliwa Tanga, kwao walikuwa na nyumba mjini na mashamba, wakahamia huku yeye akiwa msichana. Anataka ua wa nyumba yao kama ulivyo kwenye picha ya zamani. Baba yake kakaa kwenye kiti, mama yake kando, ndugu zake wawili wamesimama, na kwenye mlango wa jikoni kuna mwanamke kajifunga khanga, kabeba mtoto kiunoni. Mtoto ndiye bibi mwenyewe.

Msimamizi wetu akagawa kazi. Baba na mama siku tatu, watoto siku mbili. Nikauliza, na huyu wa mlangoni? Akasema rangi moja inatosha. "Weusi hauonyeshi kivuli," akasema. "Yeye mwenyewe ni kivuli." Karakana nzima ikacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nimekasirika na msimamizi, lakini lile tabasamu langu ndilo linaloniamsha usiku.

Unaikumbuka picha ya sikukuu kwenye sebule ya ile nyumba ya Usagara, ulikopika utoto wangu wote? Siku moja tulikuwa tunafuta vumbi, ukaniambia, "Mimi huyo hapo." Nikatazama, nikaona khanga mlangoni na juu yake giza. Uso haupo. Nikakuuliza uso uko wapi. Ukanijibu, "Ni picha tu, futa kioo." Nikafuta kioo. Nilikuwa na miaka tisa na nilifuta vizuri sana.

Safari hii sikufuta. Nilimchukua yule mwanamke nikawa nampaka saa ya chakula, wenzangu wakila. Na nikaharibu! Nilifanya nilivyofundishwa kwa wale weupe, nikachanganya kahawia na nyeupe ili nipate mwanga. Rangi ilipokauka nilitaka kujizaba kofi. Alikuwa amepauka, mama. Magoti majivu, mikono majivu, kama mtoto aliyetoroka kwenda shule bila kupakwa. Mwanao, uliyekuwa ukimkamata mlangoni na chupa ya mafuta ya nazi, "Unatoka hivyo watu waseme huna mama?", ndiye aliyemtoa mtu nje kapauka.

Kesho yake nilikuja na mafuta yangu ya nazi. Nikajipaka mkono hadi begani, nikakaa dirishani nikautazama mkono wangu kana kwamba si wangu. Hakuna nyeupe pale. Begani mwanga ni wa shaba, unaelekea rangi ya chungwa. Pembeni, dirisha linapogusa, kuna kibuluu chembamba. Na kivuli si cheusi hata kidogo, ni zambarau iliyoiva. Nikamfuta, nikaanza upya na rangi hizo. Siku ya nne nikamtia nukta ya mwisho kwenye shavu. Mama, aling'aa. Alikuwa mtu aliyetoka kuoga na kujipaka, kasimama mlangoni kwake.

Siku iliyofuata nikafika kazini, nikamkuta kafunikwa. Msimamizi kampaka kahawia moja utosini hadi miguuni, kisha kapitisha brashi kavu ya kijivu juu juu, ndio eti mwanga huo. Kwa nini? "Macho ya mteja yangekwenda kwake badala ya baba." Nilimwambia maneno ambayo hukunifundisha wewe. Akanionyesha ndoo na deki, akasema vile viko palepale nilipoviacha, na mteja anakuja adhuhuri. Nikarudi mezani kwangu.

Bibi akaja, kajitanda baibui, na kioo cha kukuzia mkononi. Nikamwamkia kwa Kiswahili. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba! Wa wapi wewe?"

"Tanga. Nguvumali."

"Ehee! Bora wewe, mtu wa kwetu." Akainama, akamsifu baba, akamsifu mama. Kisha kioo kikafika mlango wa jikoni kikasimama. "Na huyu je? Mbona kapauka hivi? Kwetu mtu hatoki mbele za watu hali hii. Hana mafuta?"

Msimamizi hajui Kiswahili. Akaniuliza anasemaje. Nikamwambia, anasema aliyempaka huyu hajui kazi. Hakusema hivyo, lakini sikuona nimemsingizia.

Msimamizi akanisogezea brashi, nikampaka upya mbele ya bibi. Bibi alikaa kwenye kigoda, hakuinuka mpaka nilipomaliza. Nilipotia shaba begani akaguna. "Aling'aa hivyohivyo," akasema. "Kila asubuhi akinipaka mimi kwanza, yakibaki mkononi ndiyo yake."

Nikamuuliza, "Jina lake nani, bibi?"

"Tukimwita Yaya."

"Jina lake mwenyewe."

Akafikiri, mama. Alifikiri kweli, nilimwona. "Yaya tu, mwanangu. Sikumbuki kama nilipata kuuliza."

Kiuno kilichombeba anakikumbuka, mafuta anayakumbuka, jina hapana. Sikumtukana, ni mtu mzima na alikuwa na machozi. Lakini nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia msimamizi, kwa sababu msimamizi ni mjinga, na huyu alimpenda.

Kisanamu kabla hakijagandishwa kina kibati chini ya miguu. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote nikaandika pale Mwanakombo binti Bakari. Jina lake sikulijua, nikampa lako. Najua si haki yake, wala si yako. Ndilo nililokuwa nalo. Kisha nikatia gundi, nikamsimamisha mlangoni, akapelekwa kwa bibi pamoja na nyumba yake. Msimamizi sasa anawaambia wageni kuwa ngozi ya namna ile yeye ndiye aliyenifundisha. Na deki sijaishika, asubutu!

Hasira haijaisha, mama. Jina lako liko kwenye sebule ya watu, na gundi imelifunika.

Nisalimie shangazi, dada wa marehemu baba, umwambie khanga aliyonipa ndiyo niliyoiigiza kwenye kisanamu. Mjomba wa Moa naye msalimie, umsomee barua yote asikie habari za wanasesere. Wifi mke wa Rajabu mpe pole ya uzazi.

Na Rajabu kabla hajatoa bodaboda yake, mwambie akupige picha kwa simu yake, asubuhi, jua likiwa bado chini. Ujipake mafuta. Atakwambia usimame mlangoni, eti pana kivuli kizuri. Mkatalie. Toka, simama katikati ya ua, uso kwa jua, watu wengine wote wakae pembeni. Nimeshachonga kibati cha kisanamu chako. Safari hii jina nitaliandika mbele.

Ni mimi mwanao, bado nimenuna, nakupenda,

Mwanahamisi