Jani Alilokuletea Kirsten

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisubiri. Uliwahi kunisubirisha wiki tatu, nimeshazoea.

Leo asubuhi nilikuwa napogoa kahawa, ule mstari wa chini karibu na mfereji, nikaikumbuka mibuni tisa. Unajua ninayoisema. Ulikwenda mkutano wa usharika siku mbili tu, uliporudi ukaikuta iko chini, mizizi juu, na mwanao amesimama na jembe, anatabasamu kama mtu aliyegundua jambo. Biashara huria ilikuwa imeingia, bei ya kahawa imelala, na jamaa mmoja wa kijiji cha Kikwe alikuwa amenunua baiskeli kwa nyanya. Kwa akili yangu ya wakati ule, hiyo ilikuwa sayansi ya kutosha kung'oa kahawa nipande nyanya.

Hukunipiga wala kunifokea. Ulifanya kibaya zaidi: ulimgeukia mama. "Mwambie mwanao, hiyo alipanda babu yake." Nami nilikuwa hatua mbili kutoka kwako! Tangu siku hiyo hata chumvi ikawa inapita kwa mama.

"Mwambie mwanao asogeze chumvi."

"Baba yako anasema chumvi."

"Mwambie nimesikia."

"Sasa nyie," mama akasema siku moja, "mimi nitakula saa ngapi?"

Katikati ya kimya hicho ndipo nikaitwa kwenye mkutano wa kimataifa wa kubadilishana wanafunzi, siku tano, mjini Arusha. Mimi niliyeishia darasa la saba, niliyekuwa nasoma sekondari kwa bahasha na stempu! Tena nilikuwa nimepewa nafasi ya kwenda kusoma Denmark mwaka mmoja. Walichotaka ni fomu yenye sahihi ya mzazi, irudi kabla ya mkutano kufungwa Jumamosi. Mama aliiweka mezani mbele yako. Ukaitazama, ukaweka kikombe cha chai juu yake.

Nikaenda mkutanoni hivyo hivyo, na koti la mitumba ambalo mwenye nalo wa kwanza bila shaka alikuwa na mikono mirefu kuliko binadamu wa kawaida. Mlangoni walinibandika kadi kifuani: jina langu, na chini yake "Mwanafunzi". Baba, hakuna aliyewahi kuniandika hivyo. Nilitembea ukumbini nimetanguliza kifua mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Kisha tukapewa visikilizio vya kutafsiria. Nilisikiliza Kifaransa nusu saa nzima, nikitikisa kichwa kwa kukubali, kabla sijagundua kwamba kina kitufe.

Siku ya pili tukagawanywa vikundi, mada ikiwa ni ugumu wa mawasiliano baina ya mataifa. Mmoja akasema lugha, mwingine akasema dini. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi na baba yangu tunakula meza moja na hatujaongea wiki tatu. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Asiyecheka alikuwa Kirsten, yule binti wa Denmark mwenye madoadoa usoni.

"Kwenu mtu akikosa anafanyaje?" akaniuliza wakati wa chai.

Nikamweleza isale, ule mmea tunaopanda mpakani: kwamba jani lake hufungwa fundo, likapelekwa kwa uliyemkosea, na akishaletewa lazima asamehe. Ila mkosaji halipeleki mwenyewe. Hutuma mtu wa heshima, na wazee wote niliowafuata walikuwa wamenijibu kwamba mtu wa kung'oa kahawa atafute wazee wa nyanya wamsemee.

"Na mgeni je?"

Nilimjibu kwa uaminifu wa kisomi: mgeni anafaa sana.

Alhamisi ilikuwa siku ya wageni kutembelea nyumba za wenyeji. Mama alipika ndizi na nyama, wewe ukavaa koti la kanisani. Kirsten aliingia akalipeleka jani kwako kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema yale tuliyoyakariri njia nzima: "Baba, shikamoo. Kijana wako amekosa. Namwombea."

Mama alisimama na mwiko hewani. Ulilishika lile jani, ukaligeuza, ukalitazama fundo kwa muda mrefu kuliko fundo linavyostahili. Moyo wangu ulikuwa umeshafika Kikwe.

"Marahaba, mwanangu," ukamwambia. Kisha ukanitazama mimi. Mimi, baba, si mama. "Na hizo nyanya zako, zimeshakunywesha chai?"

"Zimepata ukungu, baba."

"Nilijua. Utarudisha mibuni tisa kabla hujapanda ndege. Lete kalamu."

Fomu ile ilikwenda Denmark na duara la chai juu ya jina lako. Kule waliniuliza kama ni muhuri wa serikali. Nikasema ni wa juu zaidi.

Siku ya kuondoka, kwenye lango la uwanja wa ndege, mama akilia na kucheka kwa zamu, ulinivuta pembeni. "Siku nyingine ukimtuma mzungu," ukasema, "fundo mwachie afunge mwenyewe. Mkono wako wa kushoto naujua tangu ulipoanza kufunga mbuzi." Ukanipiga begani, ukaenda zako.

Nimekaa miaka yote hii bila la kujibu. Mibuni tisa imezaa, imezeeka, nimeikata vichwa na imechipua upya. Mwaka huu imejaa mpaka matawi yameinama. Ungeiona, ungetafuta kasoro, na ungekosa. Ila leo nikiwa katikati yake nilishtuka: uliombwa msamaha kwa mdomo wa Kirsten. Mimi mwenyewe sijawahi kulisema neno hilo.

Basi, baba, nimekosa. Safari hii sikumtuma mtu. Nimekata jani la isale pale mpakani, nimelileta mwenyewe hapa ulipolala chini ya migomba, na fundo nimelifunga kwa mkono wa kulia ili usipate la kusema. Limelegea vibaya. Najua utapata tu.

Lala salama, mzee wangu. Jioni napeleka debe la kwanza kukobolewa.

Ni mimi mwanao, mashoto.