Kaburi la Mama Yake Valerian

Jumamosi, 7 Juni 2025

Jirani yangu Valerian, mnunuzi wa dhahabu, amenipeleka kwenye klabu yao hapa Segese. Unaingia kwa kualikwa tu. Geti, mlinzi, viti laini, magazeti ya leo — si ya juzi! Bango la nje lina kosa la tahajia, nimenyamaza. Wanachama ni wafanyabiashara na watu wa mgodini, wote wametoka mbali. Valerian anasema waliianzisha ili mtu asiwe peke yake ugenini. Nimemwamini. Wanataka niwe mlezi wa klabu. Nitafikiri.

Jumanne, 10 Juni

Mama yake Valerian, aliyekuwa akiishi naye, amefariki alfajiri. Mazishi kesho. Klabu imeleta hema, viti na mashada. Wanachama wamekaa kidogo, wametoa pole, wamerudi kazini. Majirani hawajafika. Jikoni hakuna moto.

Nimempitia Mama Luka, mjane wa nyumba ya nyuma. Mumewe alipozikwa, Valerian alimtuma dereva na shada, mwenyewe hakutokea. Hata kwenye misiba ya wengine, hivyo hivyo. Mama Luka hakupandisha sauti.

"Shada lake lilikaa hapa mpaka likanyauka, Mwalimu. Halikuchota hata ndoo moja ya maji."

Nikaaga, nikarudi msibani.

Jumatano, 11 Juni

Valerian ameharibu zaidi. Asubuhi amewafuata vijana wa maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, awalipe wachimbe kaburi. Walicheka, kisha wakakasirika: dhahabu huchimbwa kwa malipo, kaburi huchimbwa na majirani. Segese nzima inajua kuchimba, na hakuna wa kumchimbia bibi!

Amekuja kwangu, macho mekundu. Anasema kwao mjini shada ndiyo heshima. Muda wote alidhani anatuheshimu.

"Vua viatu hivyo," nikamwambia. "Chukua sururu, uanze mwenyewe. Mimi nitashika koleo."

Baadaye. Nimerudi nyumbani mara moja. Mgongo! Shimo limefika magotini. Valerian ana malengelenge mikononi, bado anachimba. Wanaume wawili wamesimama njiani, mikono nyuma, wanatazama tu. Mama Luka amepita na ndoo kichwani. Hakumsalimia Valerian. Ameniuliza mimi kama jikoni kwa Valerian kuna kuni. Nikasema hakuna. Akaelekea huko huko.

Ndipo mmoja wa wale wanaume akaniuliza, kana kwamba hajali, kama nina koleo la pili.

Ninalo. Mpini tu umelegea. Nikishaugongomea, nampelekea.