Vyombo Vyako Havijanikosea

Mama Mutinda,

Ua wa kayaba, ile miti ya miiba kati ya nyumba zetu, haupo tena. Wapangaji wa nyumba yako ni watu wazuri, wananisalimia kila wakinikuta getini, lakini waliukata ua wakajenga ukuta wa mawe, na lile pengo letu likaenda nao. Nikisimama kwenye dirisha la jikoni siuoni tena mlango wako wa nyuma. Naona mawe tu.

Naandika polepole kwa sababu mkono unachoka upesi. Daktari wa kule Upper Hill amesema moyo wangu umechoka. Hakuendelea, nami sikumuuliza. Nimefundisha maisha yangu yote, najua mtu anapokupa nusu ya jibu ili usiulize ile nusu nyingine. Kwa hiyo niliyotaka kukwambia nayasema sasa.

Hapa mtaani Mountain View hakuna anayejua, isipokuwa wewe, kwamba mimi na kazi za nyumba hatujawahi kupatana. Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimemaliza kusahihisha mitihani, vyombo vimejaa sinki mpaka vinaegemea bomba. Ulikuja kurudisha pasi, ukanikuta nimekaa kwenye kigoda navitazama kama mtu anayengoja vijioshe vyenyewe. Ulicheka. Ukasema kwako ni vilevile, ukirudi kutoka ofisini unaviona vitanda unafunga mlango wa chumba. Kisha ukavua saa, ukakunja mikono ya sweta, ukafungua maji. Nilikukataza kwa aibu. Ukaniambia, "Vyangu siwezi hata kuvitazama, Mwalimu. Hivi vyako havijanikosea."

Sikuweza kukaa tu na kukutazama ukiosha sufuria zangu. Nikapenya pengo la ua, nikaingia kwako, nikatandika vitanda. Nilishangaa kwamba nilifurahia. Shuka zako hazikunikumbusha jambo lolote nililoahirisha.

Toka hapo Jumamosi ikawa yetu. Wewe kwangu, mimi kwako, kila mmoja na ndoo yake. Hakuna kufungua kabati la mwenzako. Hakuna kusema ulichokiona chini ya kitanda. Chai ikichemka kazi imekwisha, hata kama sakafu imebaki nusu. Na kiwango ulikiweka wewe: mchungaji akibisha ghafla, aweze kuketi bila sisi kuanza kuomba msamaha. Zaidi ya hapo, ulisema, ni maringo.

Mume wangu, Baba Njeri, aliondoka duniani akiamini kwamba Jumamosi tulikuwa tunasengenya watu. Siku moja alimwambia dada yake, nami nipo, "Huyu wangu hataki kabisa kuona vumbi." Nilitoka nikakukuta nyuma ya nyumba ukikamua tambara langu la deki. Nilipokusimulia, ilibidi ushike kamba ya nguo usianguke.

Sasa ungamo langu. Tulipokuzika kule Machakos, nilirudi na ufunguo wako kwenye mkoba. Mutinda hakuukumbuka, nami sikumkumbusha. Jumamosi iliyofuata nikapenya pengo, polepole, kwa mkongojo, nikaifungua nyumba yako. Walikuwa wameshatoa viti na vitanda. Nikapiga deki. Jumamosi nyingine tena. Nyumba haina mtu, haina vyombo, nami nafuta madirisha. Na huku kwangu vumbi la barabara limelala juu ya televisheni kiasi cha kuandika jina.

Siku moja Mutinda akaja na wapangaji, akakuta sakafu bado ina unyevu. Nikamsikia akiuliza, "Nani amepiga deki hapa?" Nilikuwa nimesimama upande wangu wa kayaba na ndoo mkononi, mwanamke wa umri wangu, nimejificha kama mtoto aliyekula sukari. Jioni nilimrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, hakuniuliza kitu. Nadhani alielewa. Ana macho yako.

Baada ya hapo nyumba yangu ikanishinda kabisa. Sikuwa mgonjwa kuliko kawaida. Kila nikiokota kikombe nilihisi kinanidai wewe. Nikakirudisha.

Njeri alikuja Jumapili moja akafungua jikoni, akasimama mlangoni. Unamjua alivyo, hapigi kelele. "Mum, hii nyumba imekushinda. Acha nikuletee dada wa kazi." Nikakataa. Ningemweleza nini? Kwamba sitaki mgeni ashike tambara ulilolikamua wewe? Akavuta pumzi. "Basi Jumapili nikija nikute hivi, tunafungasha. Utakaa kwangu." Kwake ni Dagoretti Corner, ghorofani, ngazi nyingi. Nikipanda sitashuka tena, Mama Mutinda. Nitafia juu ya maduka ya watu, mbali na jikoni ambamo nakusikia bado ukifungua maji.

Jumamosi ilipofika niliamka nikakaa kwenye kigoda kilekile. Vyombo vikanitazama. Niliona wazi kwamba sitaweza, na kwamba kesho nitafungasha.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilichukua ndoo, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba nikishika ukuta mpaka mlango wa mbele. Nikasimama pale kama nimefika tu. Nikasema, "Hodi, Mwalimu."

Sikuwa nimefikiria nani ataitikia. Nililia kidogo hapo mlangoni, na mtu aliyepita na mbwa akageuza uso kwa adabu. Kisha nikaitikia mwenyewe, "Karibu, Mama Mutinda," nikaingia kama ulivyokuwa ukiingia, viatu nje, mkoba juu ya friji, macho moja kwa moja kwenye sinki. Nikavitazama vile vyombo. Nikaviambia kwa sauti yako kwamba havijanikosea.

Na havikunikosea. Nikaosha vikombe, nikakaa. Nikaosha sahani, nikakaa. Nikafuta televisheni, nikakunja blanketi la kwenye kochi, nikapiga deki sebuleni kwa kuburuta tambara na mkongojo. Choo nilikisafisha kwa kusimama na kuhema. Chumba cha kulala nilikifunga mlango, nikijua hungeuliza. Chai ilipochemka niliacha, sakafu ya jikoni ikiwa nusu. Nikamimina vikombe viwili.

Njeri alipoingia kesho yake alipitisha kidole juu ya televisheni, akakitazama. Akaenda jikoni, akarudi. "Nani alikuja kukusaidia?"

Ningeweza kusema mtu yeyote. Nikasema, "Mama Mutinda."

Akaketi. Niliona usoni mwake kwamba sasa haogopi vumbi, anaogopa akili yangu, na kwamba huenda nimejipeleka Dagoretti Corner kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi nikamweleza yote: pengo, ndoo, baba yake na dada yake, ufunguo, hodi. Kwenye meza kulikuwa bado na kikombe chako cha jana, chai imeganda utando juu. Alikishika muda mrefu. Kisha akaenda kukiosha, na akiwa huko jikoni nikamsikia akisema, sauti imebadilika, "Basi mwambie amesahau nyuma ya friji."

Hajataja tena kufungasha. Siku hizi anakuja Jumamosi, anasimama mlangoni na kupiga hodi, na kabati langu halifungui. Anaosha vibaya kuliko wewe. Mimi siwezi kuvuka kwenda kwake, kwa hiyo nakunja nguo anazoniletea kwenye kikapu. Hazijanikosea.

Lakini nakutamani, rafiki yangu. Hakuna anayecheka ninapokamua tambara.

Nikuage sasa, mkono umechoka. Sitakawia sana, na nakuahidi sitaingia kwako kama mgeni wa kukaa kitini. Huko uliko usijisumbue kunifagilia. Usitandike kitanda. Acha sinki lijae mpaka vyombo viegemee bomba. Ukisikia hodi, ni mimi na ndoo yangu.

Wako,
Mwalimu