Nguvu Tulizompa Mwenyekiti

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimekamua, nimechemsha chai, nimefika shule viatu vikiwa vimejaa maji. Kidato cha Tatu, Historia na Serikali. Aina za serikali. Msichana wa dawati la mbele akauliza dikteta huanzaje. Nikajibu kama kitabu: huja na wanajeshi, huteka redio, hufunga bunge. Wakaandika. Kengele.

Jioni nilipitia kituo cha majani chai kumsaidia mume wangu Wesley na magunia. Yetu yalipimwa. Ya Mama Moraa yalikataliwa. Karani alisema ni magumu. Hayakuwa magumu. Nilikuwa nyuma yake, niliyaona: majani mawili na ncha, laini kabisa. Aliyamwaga kando ya barabara, akakung'uta gunia, akalikunja vizuri. Sote tulitazama matope. Mimi pia.

Mama Moraa ni jirani. Watu wake walitoka Kisii kabla mimi sijaolewa hapa. Ndiye aliyempokea mtoto wangu wa kwanza, Cheruto, siku barabara ilipokatika na gari likashindwa kufika.

Sikumwambia hata pole.

Jumanne, 6 Mei

Nataka kukumbuka ilivyoanza, maana naona watu wanasahau kwa makusudi.

Zamani makarani walituibia kwenye mizani. Lori lilikuja lilipotaka, majani yakaharibika kwa joto ndani ya magunia, wanawake wakalia. Festus, mkulima mwenzetu, akatoka na fimbo akasimama katikati ya barabara ya Roret, akazuia lori lisipite mpaka tupimiwe upya. Peke yake. Tulimbeba mabegani. Niliimba mpaka sauti ikapotea. Tukamchagua Mwenyekiti wa kituo kwa kelele, hata kura hatukupiga.

Alifanya kazi. Sitasema uongo. Lori likaja kwa wakati. Kisha akaomba vijana wachache wa kulinda banda. Tukampa. Akawanunulia jaketi za mvua za kijani. Siku moja nikaona banda halina mlinzi na Mwenyekiti anao wote. Uchaguzi ukasogezwa mpaka mvua ipungue. Mvua ilipungua.

Sasa anasema wageni ndio wanaoharibu majani yetu, na ndiyo maana bonasi ni mbaya. Mgeni ni Mama Moraa na familia nyingine mbili.

Hakuna mwanajeshi aliyekuja. Yule msichana wa dawati la mbele nilimjibu vibaya.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha wakulima. Wesley alisimama. Sikujua atasimama. Akauliza kwa heshima, kofia mkononi, tutapiga kura lini. Maneno hayo tu.

Mwenyekiti alitabasamu. Akamshukuru. Akasema swali zuri.

Kijana mmoja wa jaketi akageuka, akamtazama Wesley polepole kutoka kichwani hadi miguuni, kama ng'ombe wa kuuzwa.  

Ijumaa, 9 Mei

Majani yetu yamekataliwa. Yote. "Magumu."

Wesley aliyamwaga mwenyewe. Hakumwachia karani. Harufu yake imetufuata mpaka nyumbani.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi na watu walisimama nyuma. Mchungaji aliombea viongozi. Aliombea kwa muda mrefu.

Mama Moraa akaja na binti yake, akaketi karibu nami, akanigusa goti. Nikaogopa. Nikataka aondoke, tusionekane pamoja. Mwanamke aliyemshika mtoto wangu kabla yangu. Nikasogeza goti.

Jumatano, 14 Mei

Mistari ya chini ya shamba letu imekatwa. Si kupogoa. Panga, ovyo, mpaka kwenye mzizi. Michai aliyopanda baba yake Wesley.

Tulienda kwa chifu. Akasikiliza, akapanga kalamu zake, akasema mambo ya kituo yamalizwe kituoni. Kisha akatusindikiza mpaka nje na kusema kwa sauti ndogo, "Mimi pia niko na majani, Mwalimu." Nilimchukia. Halafu nikamwelewa, na hilo likaniogopesha zaidi.

Mbwa wetu amefungwa karibu na mlango. Cheruto haendi dukani peke yake.

Alhamisi, 15 Mei

Kidato cha Tatu walitaka tumalizie udikteta. Mpwa wa kijana mmoja wa jaketi huketi safu ya pili. Nikamwona anashika kalamu. Nikafunga kitabu. Nikawafundisha mapinduzi ya kilimo Uingereza, mbegu na samadi, kipindi kizima. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hilo ndilo lililoniuma. Walijua.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda kwa Mwenyekiti. Wesley hajui.

Geti jipya la chuma. Mbwa watatu. Madirisha yamewekewa vyuma. Mkewe, Leah, alinifungulia. Tulisoma pamoja shule ya msingi, tukashea benchi na hata blanketi. Alinisalimu "Chamgei" akiangalia nyuma yangu, kuona nimekuja na nani.

Festus alikuwa ameketi kwenye kona, mgongo ukutani. Amekonda. Leah akaleta chai. Akanywa kidogo kwenye kikombe cha mumewe, akamwekea mbele. Nikadhani ni mapenzi. Kisha nikaona Festus anavyomtazama, anavyongoja kabla ya kunywa.

"Mwalimu, mimi nimewakosea nini?" aliniuliza. Yeye, aniulize mimi!

"Baba Cheruto aliuliza swali tu, Mwenyekiti."

"Leo ni swali. Kesho mtakaa kikao bila mimi. Kesho kutwa nitapata nyumba yangu inaungua."

"Si umwachie mwingine? Upumzike."

Hakukasirika. Akaweka kikombe chini. "Nimwachie nani? Hao wote nimewamwagia majani, nikitoka pale watanifanya nini? Wewe umesoma. Niambie."



Akaniambia Jumamosi ijayo kuna kikao. Wageni watoke kituoni, wapeleke majani yao kwingine. Anataka mikono yote. "Watu wanakutazama wewe. Inua tu mkono, Mama Cheruto. Jumatatu majani yenu yatapokelewa, na hiyo maneno ya shamba sitaisikia tena."

Kwa hivyo anajua kuhusu shamba.

Leah alinitoa mpaka getini.  Alinishika kiwiko kwa nguvu, akaachilia.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Wesley. Nilingoja apige meza.

"Tuinue," akasema.

Nikamchukia kwa dakika chache. Kisha nikamwona anajaribu kufunga kamba za kiatu na vidole havishiki.

Nimewaza siku nzima. Festus anatuogopa kuliko tunavyomwogopa. Hawezi kusimama kwa sababu ya aliyofanya jana, na hawezi kuachia kiti, kwa hivyo kesho lazima afanye zaidi. Anaongeza vijana, kisha anawaogopa vijana. Mkewe anaonja chai. Huyo ndiye anayetutawala: mtu aliyefungiwa ndani ya geti lake. Hilo halipunguzi hofu yangu. Mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Lakini hajawahi kumwaga gunia hata moja kwa mkono wake. Ni karani. Hajakata mchai. Ni vijana, watoto wa majirani. Hajamtenga mtu kanisani. Ni sisi. Akibaki na mikono yake miwili tu, atafanya nini?

Rahisi kuandika. Mlango nimeufunga kwa komeo.

Jumatano, 21 Mei

Mama Moraa amekuja na chinsaga, mboga za kwao, kutoka shambani kwake, zimefungwa na jani la mgomba. Akaketi jikoni. Akachambua nami kama zamani. Kisha:

"Mama Cheruto, Jumamosi uinue mkono. Mimi sitakasirika."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Uko na watoto. Mimi nitaenda kwa dada yangu kule Ndanai, tutasukuma tu maisha." Akaendelea kuchambua. Vidole havikusimama hata kidogo.

Angenitukana ningepona. Nililia alipotoka. Mboga zikaungua.

Ijumaa, 23 Mei

Siwezi kula. Nimejifunza kuinua mkono mbele ya kioo. Nimefanya hivyo kweli, mwanamke mzima, mwalimu. Unaenda juu vizuri sana.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike kabla sijabadilisha yaliyotokea.

Mvua ilipiga mabati ya banda mpaka Mwenyekiti akalazimika kupaza sauti. Vijana wa jaketi kila pembe. Mama Moraa alisimama nje, hakuruhusiwa kuingia. Nilimwona kwenye mwanya wa mbao, kanga kichwani, analowa.

Mwenyekiti akasema wanaounga mkono wainue. Mikono ikapanda. Mchungaji. Karani. Kogo Tabsabei, bibi kizee wa boma la chini, ambaye humwita Mama Moraa kwa jina la mwanangu tangu alipompokea. Wesley, kando yangu. 

Wangu haukupanda. Si ushujaa. Nisijidanganye. Nilitaka kuuinua. Nilikuwa nimejiandaa. Ulikuwa mzito tu, kama si wangu.

"Mwalimu?" akasema.

Wote wakageuka. Nilihisi haja ndogo inanibana.

"Hapana," nikasema. Sauti ya mtoto. Sidhani waliokuwa nyuma walisikia. Wesley alifunga macho, mkono ukiwa bado juu.

Vijana wakacheka. Mwenyekiti pia akaanza kucheka, akageukia benchi la kamati wacheke naye. Hapo akamwona Leah. Ameketi mwisho wa benchi. Mikono yote miwili mapajani.

Kicheko kilikatika mdomoni mwake. Nimeona watu wakiogopa mwezi huu wote. Sijaona uso kama ule.

"Imepita," akasema. Tukatawanyika bila maombi.

Wesley alitembea mbele yangu njia nzima. Hakugeuka.

Jumapili, 25 Mei

Hatukuenda kanisani. Nimeketi nikingoja. Kila pikipiki barabarani, nainuka kuchungulia.

Mchana tukasikia Leah ameonekana akishuka kuelekea kwao Sigowet na begi moja, miguu mitupu. Kama Festus amemfukuza hivyo yule aliyekuwa akila naye sahani moja, sisi ni nini?

Wesley amesema sentensi moja leo. "Ungeniambia mapema hutainua, singeinua."

Nikamwambia sikujua.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi nimemkosa Wesley. Nikamwona kwa Mama Moraa, kikapu mgongoni, anachuna. Hakuwa ameombwa. Mama Moraa alisimama mlangoni, amekwisha funga godoro kwa kamba, akimtazama. Kisha naye akachukua kikapu.

Lakini majani yangeenda wapi? Yake yamepigwa marufuku. Yetu yanakataliwa. Wamefika kwenye ua wa Kogo Tabsabei na magunia mgongoni. Kogo akawaita.

"Leteni hapa. Gunia langu halijajaa."

Akaenda nayo kituoni mwenyewe, kwa mkokoteni wa punda, kana kwamba yote ni yake. Bibi ambaye magoti hayamruhusu kufika bondeni. Karani akatazama magunia. Akawatazama vijana wa jaketi. Wawili kati yao ni wajukuu wa Kogo. Akapima.

Wesley amenisimulia haya akila. Amekula.

Alhamisi, 29 Mei

Siku nne sasa. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyesema kitu. Majani ya Mama Moraa yanaingia leo kwenye gunia hili, kesho lile. Na yetu vivyo hivyo. Jana mke wa mchungaji alinipokonya kikapu njiani, akakimwaga ndani ya chake, akaenda bila salamu. Naye anaogopa. 

Leo Mwenyekiti mwenyewe amekuja. Nilikuwa kwenye foleni, nimetoka shule. Akasimama karibu na mizani. Akafungua gunia la kwanza, akatia mkono, akanusa. Majani mawili na ncha. La pili. La tatu. Majani ni majani. Hayasemi kabila.

Akampigia karani kelele. Kwamba anafanywa mjinga. Kwamba akatae.

Karani ni kijana mwoga, tangu utoto wake. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. "Nikatae ya nani, Mwenyekiti?"

 Lori lilikuwa limewasha injini. Festus akatutazama mmoja mmoja. Niliona anavyohesabu: akikataa ya wote lori litaondoka tupu, na yeye atakuwa mwenyekiti wa nini? Alipofika kwangu nilijua atasema jina langu.  Nikashika gunia la Kogo nisianguke.

Hakusema. Akawageukia vijana wake. Mmoja alikuwa amejishughulisha na zipu ya jaketi. Mwingine alikuwa anamsaidia mama yake kupandisha mzigo.

Akapanda pikipiki, akaenda.

Hatukushangilia. Mara ya mwisho tulishangilia, tulimbeba mtu.

Jumapili, 1 Juni

Bado ni Mwenyekiti. Wanasema anatafuta vijana wengine, wa mbali. Wanasema ameenda Sigowet kumbembeleza Leah na akakataliwa mlangoni. Sijui lipi ni kweli. Bado tunamfunga mbwa mlangoni.

Mama Moraa amefungua godoro lake.

Baada ya kanisa jua limetoka. Majani hayangoji Jumatatu, kwa hivyo tumeingia shambani kwake, yeye, mimi na Wesley, watoto mstari wa juu wakibishana kuhusu wimbo fulani.  Mikono ilikuwa na kazi. Kisha pikipiki ikasimama barabarani. Jaketi mbili za kijani. Hawakushuka. Walitutazama tu.

Watoto wakanyamaza. Niliogopa kama siku ya kwanza, hofu ileile, mahali palepale. Wesley hakuinua kichwa. Mama Moraa akasogea hatua moja karibu nami, na mimi sikusogea. Tukaendelea kuchuna.

Nilipofika mwisho wa mstari nikainua macho. Barabara ilikuwa tupu.