Chai Haimiminwi Mpaka Mvuvi Arudi

Stesheni ya Reli,
S.L.P. 22,
Voi.
Jumapili, 14 Oktoba 1956

Mpendwa ndugu yangu Danson,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na zikufikie zikiwa bado za moto, maana nasikia huko Uskoti mnauhitaji moto. U hali gani? Kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa nane kimekuacha? Na soksi za sufu, umenunua kama mama yako alivyokuagiza? Sisi tu wazima. Hapa Voi joto na vumbi ni vile vile ulivyoviacha, na leo baada ya kanisa nimeketi kivulini nyuma ya nyumba za reli ili nikuandikie kwa nafasi.

Nyumbani Werugha mambo ni mema. Ukungu ulikaa sana mwaka huu, lakini viazi vimekubali. Ng'ombe wa mama yako, yule mwenye pembe moja, amezaa ndama jike. Mama yako, Mama Alice, amempa jina la Uskoti. Ukimsikia jioni akiita, "Uskoti! Uskoti wee, rudi nyumbani!" utajua ni nani hasa anayeitwa.

Sasa nije kwenye barua yako. Ndugu yangu, niliisoma nikasimama, nikaketi, nikasimama tena! Unasema Jumamosi tarehe 3 Novemba wewe na wenzako wa chuo mtakwenda ziwani kuvua samaki, kila mtu peke yake katika mtumbwi mwembamba wa turubai, huo mnaouita kayaki, na kwamba asubuhi nyasi za huko huwa nyeupe kwa barafu. Tena unasema huna wasiwasi, kwa kuwa mtu aliyezaliwa Werugha haogopi baridi.

Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwezi wa saba, na nusura yawe maneno yangu ya mwisho.

Usidhani nakuandikia kukukataza. Mimi mwenyewe siku hizi nimeingiwa na wazimu wa mitumbwi! Lakini nisikilize kwanza.

Nilipata likizo mwezi huo, nikapanda gari la moshi mpaka Taveta kumtembelea dada yetu Mable. Unajua mumewe, Bernard, huvua perege katika Ziwa Jipe. Alhamisi tarehe 19, siku niliyoiandika kwa wino mwekundu katika shajara yangu, Bernard aliniamsha alfajiri. "Shemeji," akasema, "leo njoo uone kazi isiyo ya kukaa kitini." Nikavaa lile koti langu zito la kijeshi, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni, na buti miguuni.

Mable alinitazama akashika kiuno. "Kaka, vua hilo gunia. Unakwenda ziwani, huendi kulinda benki."

"Mtu wa mlimani hafundishwi baridi na watu wa tambarare," nikamjibu.

"Mimi nimekuwa mtu wa tambarare lini? Si tulilala chumba kimoja, ukungu ukituingilia dirishani?"

Kwa Bernard kuna desturi moja ambayo sikuitilia maanani: chai ya asubuhi haimiminwi mpaka mvuvi arudi. Mama yake, Bibi Mbeyu, anapenda chai kuliko chakula, na kwa hiyo hamwachi mtu atoke hivi hivi. "Mnapita upande gani?" alituuliza akiwa mekoni. "Na mnarudi lini? Nijue birika langu litakaa motoni mpaka lini." Tulimwambia tunakwenda kwenye mafunjo ya mdomo wa mto Lumi, na tutarudi kabla jua halijapanda juu ya miti. Njiani nilicheka peke yangu. Nilidhani bibi wa watu anafikiria kikombe chake tu.

Danson, baridi ya ziwani ni ya namna nyingine kabisa. Ile ya kwetu hukaa nje ya nguo. Upepo ulikuwa unashuka kutoka Milima ya Upare, maji yamekunjamana, na Bernard akaanza kuuvuta wavu. Ulikuwa umejaa! Nikasahau kila kitu, nikainama upande ule ule aliokuwa yeye ili nione perege. Mtumbwi ukageuka kama chapati.

Jambo la kwanza, pumzi ilikatika. Nilifungua kinywa nipige kelele nikameza maji. Jambo la pili, koti lilianza kunywa. Lilikunywa mpaka likawa zito kama mtu mzima aliyening'inia mgongoni mwangu, nami vidole vimekufa ganzi, haviwezi kufungua hata kifungo kimoja. Ni Bernard aliyenishika ukosi akaving'oa vifungo. Koti likaenda chini, na buti moja likalifuata.

Bernard huogelea vizuri sana, na mafunjo yalionekana karibu. "Ngoja nikalete watu," akasema. Nilimsihi asiuache mtumbwi, lakini aliondoka. Hakufika mbali. Alipogeuka na kurudi midomo ilikuwa ya kijivu. "Shemeji," akasema, "mikono hii si yangu tena." Tukajitupa kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduka, mimi upande huu, yeye upande ule, kila mmoja ameushika mkono wa mwenzake juu yake. Utaniuliza habari za viboko. Hatukuwaona. Nadhani siku ile walikuwa na akili kutushinda.

Tulitetemeka mpaka meno yakauma. Baadaye nikaacha kutetemeka, nikaona raha na usingizi mtamu, na hapo ndipo Bernard aliponizaba kofi. "Lala uone! Nitamwambia dada yako ulikuwa unalia!" Nilikasirika, na hasira hiyo ikaniweka macho.

Wakati huo huko nyumbani jua limepita miti, na Bibi Mbeyu anafoka. "Mable! Nenda kamwite mumeo. Chai yangu imekuwa dawa ya minyoo!" Mable akashuka ufukweni, hakuona mtumbwi. Hakuanza kujiuliza waanzie wapi. Alimwita jirani yao Gilbert, akamwambia, "Mdomo wa Lumi," na Gilbert akaja moja kwa moja akapiga makasia mpaka kwetu. Angezunguka ziwa zima akitutafuta, ndugu yangu, barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine.

Gilbert alitaka kutunywesha pombe tupate joto, Bibi Mbeyu akampokonya chupa. "Kwanza nguo za maji zitoke!" Nilivuliwa suruali na mama mkwe wa dada yangu, nikafungwa blanketi kama mtoto, nikanyweshwa ile chai chungu yenye sukari tele. Sijapata kunywa chai tamu kama ile.

Lakini sikukimbia! Mwezi wa nane nilirudi Jipe. Bernard na mimi sasa tunajifunga vibuyu vitupu kifuani, hatuinami upande mmoja, na nguo kavu zinabaki kwa Gilbert ufukweni. Siku moja tulijiangusha makusudi karibu na nchi kavu ili tujifunze kuupanda mtumbwi tena, na watu walikuja kututazama wakidhani tumelewa. Na perege nimewavua kwa mikono yangu, wakubwa, wanaruka kama wehu!

Kwa hiyo nenda, Danson. Ila maji ya huko ni makali mara nyingi kuliko yetu. Usivae kwa ajili ya baridi ya hewani, vaa kwa ajili ya baridi ya majini. Tafuta koti la kuokolea, lile linalomwelesha mtu majini, na ulifunge kabla hujakanyaga kayaki, si baada ya kuanguka. Jiangushe kwanza karibu na watu. Msiachane mbali na mbali. Ukipinduka, shikamana na chombo chako hata kama ukingo unakuita.

Wiki iliyopita nilimsomea mama yako barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na huko, ni nani anamngojea na chai?" Basi ameamua: kuanzia asubuhi ya tarehe 3, nyumbani kwake chai haitamiminwa mpaka ufike mwandiko wako kwamba umerudi. Nilimweleza kwamba barua ya ndege huchukua karibu wiki. "Nitakunywa maji," akasema, na unamjua.

Tafuta mtu wa kubaki ufukweni. Mwambie unapita wapi na unarudi lini. Ukirudi, kabla hujawaparua samaki, shika kalamu.

Mable na Bernard wanakusalimu, pia Bibi Mbeyu, anayesema ukija atakupikia kikombe chako mwenyewe. Mungu aliyetushika mkono juu ya ule mtumbwi akushike na wewe, akurudishe nchi kavu.

Wako akupendaye daima,
Zephaniah Mwandawiro

N.B. Mama Alice amenunua pakiti mpya ya majani ya chai. Ameiweka juu ya kabati, haijafunguliwa.