Miaka ya Mti wa Msusi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na watoto wanakusikiliza. Mimi mwili mzima. Moyoni ndiko kubaya, nitakueleza.

Mkurugenzi wetu ametuzulia balaa jipya. Kila Jumamosi mtaalamu mmoja wa misitu aketi mgahawani aongee sayansi na wananchi, eti kirafiki, bila makaratasi. Nikapangiwa mimi! Miaka yote ile ya chuo, leo nikae kati ya vikombe vichafu nimwelimishe fundi viatu anayeuliza kama mti husikia ukitukanwa. Muuza simu alitaka kujua mti upi huongeza nguvu za kiume. Mwingine alisinzia, na huyo ndiye pekee niliyemheshimu.

Kisha akaingia msusi wa saluni ya jirani na kipande cha shina, kipana kama sinia. Mti wake ulikuwa umeangushwa na upepo, akataka kuona umri unavyosomwa. Nikamweleza kama mtoto wa chekechea kwamba kila pete ni mwaka mmoja. Nikahesabu kwa sauti: thelathini na nane. Akasema haiwezekani, aliupanda wiki aliyojifungua mapacha, nao wana miaka kumi na tisa. Nikamjibu kwamba mti hausemi uongo. Wanawake ndio hupunguza umri, na sasa wameanza kupunguza hadi wa miti. Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Yeye aliniuliza tu kama nimesahau kwamba huku mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Akaniachia kipande chake mezani, akaenda zake.

Dada, hili sijamwambia mtu. Msusi alisema kweli: mvua mbili, pete mbili. Na ule msitu wa mtoni, nilioandika kwenye ripoti kwamba una miaka sitini na umekomaa kukatwa, niliuhesabu vivyo hivyo. Una thelathini tu. Misumeno inaingia Jumatatu kwa sahihi yangu. Niliwadharau wote pale, kumbe mjinga alikuwa mmoja, tena ndiye mwalimu. Nimeyajua haya wiki nzima nikanyamaza, kwa kuona haya kusahihishwa na mtu mwenye kitana mkononi.

Leo ni Jumamosi tena. Asubuhi nimempelekea mkurugenzi barua ya kuifuta ripoti. Kazi sidhani kama bado ninayo. Nikishaituma hii naenda mgahawani na kile kipande alichoniachia msusi kwapani, nikahesabu upya mbele ya walewale waliocheka. Msusi nimemwomba aje. Hajanijibu.

Wabusu watoto. Mama usimwambie kwanza, maana huwatambia majirani kwamba mwanawe anaijua miti.

Ni mimi mdogo wako,
Mtaalamu (mpaka Jumatatu)