Ng'ombe Aliyekuja Msibani

Nyumbani kwa Babu,
Butiama.
9 Julai 2024

Mpendwa Bibi Miriamu,

Shikamoo Bibi. Goti linaendeleaje na baridi ya Sumbawanga? Sisi tu wazima, ila nyumba ina ukimya ambao sijauzoea. Mimi ni Rebeka, mke wa mjukuu wako Kwangu. Bado nanukia harusi, na barua yangu ya kwanza kwako imekuwa ya msiba.

Tulimzika kaka yako, Profesa Nathanieli, Alhamisi. Wageni walitoka Musoma na vyuo vya mbali, wakaisifu tuzo ya uchumi aliyopewa ng'ambo. Kwangu alinishika mkono muda wote. Bibi, mume huyu nampenda hata akilia.

Katikati ya hotuba akaingia Mzee Boniphace wa Nyamuswa, akiswaga ng'ombe mwekundu. Mpishi akamwita, "Mzee, huyo bei gani? Nyama imetuishia!"

"Huyu siyo wa kitoweo, mwanangu. Amekuja kumzika mwenye mali, Profesa."

Ndipo Kwangu aliponinong'oneza, nikaelewa. Baba yenu aligawa ng'ombe kwa marafiki wa vijiji vya Nyamuswa, Guta na Kisorya, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yapone. Rafiki anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ndama. Babu Nathanieli alikulia humo, akaja kuiandikia dunia kwamba mfugaji wa kwetu huweka akiba yake kwa watu. Tuzo ilitoka hapo.

Sasa, Bibi, kuna jambo zito. Baba mkubwa Magige anataka ng'ombe wote wakusanywe, wauzwe, Babu ajengewe sanamu kando ya barabara.

"Baba mkubwa, hapo tutakuwa tumemzika mara mbili," Kwangu alisema.

"Bwana harusi, wewe nenda kalale kwa mkeo!"

Watu wakacheka. Mume wangu akainamisha kichwa, nami moyo ukaniuma sana.

Magige atamsikiliza shangazi yake tu, na aliyebaki ni wewe. Simu huisikii vizuri, ndiyo maana nimempa wifi yangu Stellah akuletee barua hii. Tafadhali mrudishe na neno lako kabla hatujaanua matanga.

Yule mwekundu alirudi Nyamuswa, lakini hakurudi peke yake. Ng'ombe mtamba tuliyepewa harusini tumemkabidhi Mzee Boniphace aende naye. Zizi letu la ndoa ni tupu, Bibi, na sijawahi kujiona tajiri namna hii.

Nisalimie mjomba Gabriel na jirani yako Mwanaupe. Mungu akutunze mpaka nikupikie kwa mikono yangu.

Wako akupendaye kabla hajakuona,
Rebeka